Mashahidi wa Soda Moja

Kijiwe cha kahawa cha pale Tandika kina sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuitunga: ukileta habari, iwe na timu mbili. Habari isiyo na timu mbili haina wa kutaniwa, na kijiwe bila utani ni benchi tu la kukalia. Ndiyo maana Ijumaa ile baada ya swala, Talha aliposema kapewa kazi ya kulinganisha mitandao mitatu ya blokcheni, watu walimtazama kama mtu aliyekuja msibani na tarumbeta.

"Mitatu mingi," akasema Gaspar. "Punguza iwe miwili."

"Haipungui. Mama mwenye kazi kataka mitatu."

"Basi tupe sifa zao tuchague wa kushangilia."

Gaspar alikuwa fundi friji. Friji ya mtu aliifungua asubuhi na kuifunga jioni, na katikati ya asubuhi na jioni alikuwa kijiweni. Alizaliwa Kibosho, lakini Kibosho alikwishaisahau, imebaki kwenye matamshi tu. Yeye na Talha walikuwa marafiki tangu Talha amalize kidato cha nne, na urafiki wao ulikuwa wa namna hii: Talha anaeleza jambo, Gaspar analiharibu, halafu Talha analielewa vizuri zaidi.

Talha akaeleza. Blokcheni ni daftari ambalo nakala yake iko kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Ukitaka kufuta mstari, inabidi uwapitie wote wenye nakala, na wote wakubali. Kuna mitandao mingi ya namna hiyo, na mama mwenye kazi alitaka kila mmoja uulizwe maswali matatu. La kwanza, unabeba mizigo mingapi kwa mpigo? La pili, nani anaushika, wengi au wachache? La tatu, mafundi wanaoujenga wapo kazini au wamehama?

"Hayo maswali hata mimi ningemuuliza mchumba," akasema Gaspar.

Majina ya mitandao yenyewe yalikuwa marefu, ya kizungu, na kijiwe hakikuwa na muda nayo. Kikayapa ya kwake. Ule wa kwanza, unaopitisha maelfu ya kumbukumbu kwa sekunde moja, ukaitwa Mwendokasi. Wa pili, mzee kuliko wote, unaobeba kumi na kitu kwa sekunde huku wengine wakingoja foleni na kulipa zaidi wakati wa msongamano, ukaitwa Kivuko. Wa tatu ulikuwa na maandiko mazuri ya kitaalamu, kurasa kwa kurasa, lakini kila mwaka ukisema huduma kamili iko njiani. Huo ukaitwa Bibi Harusi, kwa sababu kutwa anapambwa na hatoki ndani. Na sie tuyashike hayo hayo majina, tusije tukagombana na wenye mitandao yao.

Talha mwenyewe hakuhitaji kuchagua. Alikuwa mtu wa Mwendokasi kwa miaka miwili. Alikuwa na fulana yao nyeusi, aliyoipata kwenye semina Kinondoni, yenye maandishi ya njano kifuani. Kwenye kundi lao la simu alipewa cheo cha balozi, cheo ambacho hakina ofisi wala mshahara, lakini kina alama ya nyota pembeni ya jina.

Mama yake, Bi Mwanakombo, hakuwa na habari na nyota. Alichojua ni kwamba mwanawe anakaa sebuleni na laptop, anachekelea kioo. Wakapeana ahadi: ikifika Idd hajapata kazi inayoeleweka, anakwenda Mbagala kwa mjomba Marijani, kwenye duka la mabati. Talha hakuwa na ugomvi na mabati. Alichoogopa ni mjomba, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, na kila akimwona Talha alikuwa anampima mabega kwa macho. Ukiingia duka lile huombi ruhusa ya kutoka. Unarithishwa.

Kwa hiyo hii kazi ilikuwa ndiyo mlango wenyewe. Ofisi ilikuwa Kigamboni, ya mama mmoja aitwaye Bi Kokuberwa, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu. Miaka yote kule alikuwa akiona watu wawili wanaletwa na kiwanja kimoja, kila mmoja na karatasi yake ya mauziano, zote zina mihuri. Alipostaafu akafungua ofisi ya kutunza mikataba ya viwanja vya Chanika, ambako mashamba yanakatwa vipande kila leo. Alitaka alama ya kila mkataba, yaani namba ndefu inayobadilika ukigusa hata herufi moja ya karatasi, iwekwe mahali ambapo hakuna mtu wa kuja kuifuta, hata yeye mwenyewe. Nafasi ilikuwa moja, na waombaji waliobaki walikuwa wawili: Talha, na binti mmoja wa Kinondoni aitwaye Loveness, ambaye kwenye barua yake alijitambulisha kama mtaalamu wa Bibi Harusi.

"Ripoti Jumatatu," aliwaambia wote wawili. "Lakini kabla hujaandika, kila mtu aende Chanika akaone mauziano hata mara moja."

Talha alikwenda Jumamosi asubuhi, kavaa fulana yake ya Mwendokasi.

Bi Kokuberwa alikuwa amemuunganisha na muuzaji mmoja, bwana Brightson, aliyekuwa anauza kipande cha shamba kwa mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Bupe. Brightson alikuwa mchangamfu kama mtu anayeuza. Alimfuata Talha stendi kwa pikipiki yake, akamnunulia soda ya baridi, akamuulizia mpaka hali ya mama. Walipofika, mjumbe wa shina alikuwa amekwishaweka meza chini ya kivuli cha ukuta. Mwalimu Bupe alikuwa amekaa na kaka yake, mkoba kaukumbatia. Upande wa Brightson walikuwa wanaume wawili wamesimama.

Mjumbe aliitwa Mama Tusajigwe. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye shughuli zake nyingine zinamngoja jikoni.

"Shikamoo mama," akasema Talha.

"Marahaba. Mashahidi wa muuzaji ni wepi?"

"Hawa watatu, mama," akasema Brightson, na mkono wake ukamjumuisha Talha.

Talha alishtuka kidogo, halafu akajisikia vizuri. Kuitwa shahidi ni heshima. Alikwishaanza kuitafuta kalamu mfukoni.

"Huyu nani?" mjumbe akauliza, akimwonyesha wa kwanza.

"Shemeji yangu."

"Na huyu?"

"Mdogo wangu."

"Na huyo wa fulana?"

"Huyo mgeni, mama. Katoka mjini. Hana upande."

"Kaja na nani?"

"Nimemleta mimi."

"Hiyo soda kanunua nani?"

Watu wote wakaitazama soda. Talha naye akaitazama, kama vile ndiyo kwanza anaiona mkononi mwake.

"Basi una shahidi mmoja, Brightson," akasema Mama Tusajigwe. "Kajigawa mara tatu. Kamleteni jirani wa mpakani."

Jirani wa mpakani alikuwa kwenye mihogo yake. Akatumiwa mtu, akasema anakuja. Baada ya muda akatumiwa mtu mwingine, akasema anaoga. Talha akamaliza soda, akakaa kwenye tofali, akafungua simu, na kwa kukosa kazi akapiga hesabu: kwa muda ule aliokaa pale, Mwendokasi ungekuwa umeshaandika mikataba ya viwanja vyote vya Tanzania, na bado ungekuwa na nafasi ya Msumbiji. Na hapa mtu mmoja anatafuta ndala.

"Huyu ndiye anachelewesha kila kitu," Brightson akamnong'oneza. "Mie pesa naiona ile pale kwenye mkoba, yeye anajipaka mafuta."

Jirani akaja, kaoga kweli. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mpaka, akapita na mguu wake kigingi kwa kigingi, mpaka kimoja kikamsimamisha.

"Hiki kimetembea."

"Kimetembeaje, mzee wangu? Kigingi kina miguu?" akasema Brightson.

"Sijui kina nini. Jana kilikuwa huku nyuma ya mchongoma. Leo kipo mbele. Sisaini mpaka kirudi kwao."

Wakabishana. Brightson akasema ni mvua. Jirani akasema mvua ya upande mmoja hajaiona. Mwisho kigingi kikang'olewa, kikarudishwa nyuma ya mchongoma, shimo lake la zamani likiwa bado linaonekana. Mwalimu Bupe akahema. Jirani akasaini, akaondoka bila kuaga.

Brightson akalalamika kwa mjumbe: kwa nini mauziano ya watu yamtegemee mtu asiyeuza wala kununua?

"Kwa sababu ndiye anayeumia mkisogeza," akasema Mama Tusajigwe, akakunja karatasi zake, akaenda kuangalia sufuria.

Talha alirudi Tandika alasiri, na jambo lile likawa limemkaa kooni. Akafungua laptop. Alikuwa anajua kwa moyo kwamba Mwendokasi una mashahidi zaidi ya elfu moja duniani kote, yaani mashine zaidi ya elfu zenye nakala ya daftari. Hiyo namba alikuwa ameshaitumia kumnyamazisha kila mpinzani. Lakini hakuwahi kuuliza soda kanunua nani.

Sasa akauliza. Ilimchukua jioni nzima kufuatilia, na majibu hayakuwa siri, yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye nia ya kusoma. Sehemu kubwa ya zile mashine ilikuwa imepangishwa kwenye majengo ya kampuni chache tu. Kampuni mbili zikisema leo tunafunga, mtandao unasimama. Tena nyingi kati ya hizo zilipewa mtaji wa kuanzia na taasisi moja, ile ile iliyoanzisha mtandao. Zaidi ya elfu moja kwa hesabu. Kwa hesabu ya Mama Tusajigwe, hazijazi hata benchi la kijiwe.

Akahamia kwa mafundi. Kila mtandao unaweka hadharani kumbukumbu za kazi ya mafundi wake, na Mwendokasi ulikuwa unaongoza kwa mbali: mabadiliko mengi kila siku, grafu imesimama kama mnara wa simu. Safari hii hakuishia kwenye grafu. Akafungua mabadiliko yenyewe, moja moja. Mengi yalikuwa yanafanywa na programu inayojiendesha, inabadilisha tarehe, kesho inabadilisha namba ya toleo, keshokutwa inarudisha. Mikono ya watu ilikuwemo, na mingine ya watu hodari kabisa, ila ilikuwa michache kuliko kelele.

Akaamua kujaribu kitu. Akaandika swali moja la kawaida, la mtu anayeanza: nikitaka kuhifadhi alama ya mkataba bila kuweka jina la mtu, nianzie wapi? Akaliweka kwenye makundi yote matatu ya mafundi, kwa jina lisilojulikana, bila nyota.

Kwa Mwendokasi alijibiwa kabla hajapumua. Picha za roketi, karibu kwenye familia, na watu wawili wanaomuuzia sarafu. Kwa Bibi Harusi alijibiwa na mtu mstaarabu sana, aliyemtumia andiko la kitaalamu la kurasa arobaini na kumweleza kwamba kifaa cha kazi hiyo kinatarajiwa msimu ujao. Kwa Kivuko kulikuwa kimya. Mpaka asubuhi ya Jumapili, ndipo mtu mwenye picha ya bundi akamwambia swali lako limeulizwa vibaya na lilishajibiwa zamani, soma hapa. Mwingine akaja akamwambia bundi kakosea. Wa tatu akawasahihisha wote wawili. Hakuna aliyemkaribisha Talha, hakuna aliyemwita ndugu, lakini ilipofika adhuhuri ugomvi wao ulikuwa umezaa mfano mzima unaofanya kazi, na Talha akaunakili.

Jumapili hiyo jioni akaenda kijiweni, akawasimulia ya Chanika na ya soda. Gaspar alikuwa na friji ya watu imefunguliwa mgongo nyuma yake.

"Kwa hiyo nani bingwa?"

"Kivuko."

Kijiwe kizima kikageuka. Gaspar akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

"Sheikh. Wewe si ndiye ulitukatazaga hata kulitaja hilo jina hapa?"

"Ndiyo mimi."

"Ukasema Kivuko ni mtandao wa wazee."

"Nilisema."

"Na fulana utamwachia nani?"

Wakamcheka mpaka wakaridhika. Talha aliwaacha, ndiyo ushuru wa kijiwe. Kisha Gaspar akasogea karibu, na sauti ikawa ya chini, isiyo na utani.

"Mwanangu, nikuulize. Ukimwambia yule mama Kivuko ndio bora, atatafuta mtu anayeijua Kivuko. Wewe unaijua?"

"Nimeanza kujifunza jana."

"Jana. Miaka miwili yako yote iko Mwendokasi, si ndiyo?"

"Yote."

"Na barua ya maombi umeandikaje? Balozi wa Mwendokasi?"

"Balozi."

"Basi umejiandikia mabati kwa mkono wako mwenyewe. Msifie Mwendokasi, upate kazi, ukishakaa kwenye kiti umweleze polepole."

Talha alikuwa ameshaliwaza hilo, tena kwa urefu. Alijiona akimpa Bi Kokuberwa ile namba ya zaidi ya elfu moja, na yule mama aliyekaa mahakamani miaka yote akiipokea, akiweka humo mikataba ya kina mwalimu Bupe.

"Nikimwambia elfu na nimeshaona ni wachache," akasema, "mie nina tofauti gani na yule shemeji wa Chanika?"

"Yule shemeji angalau hangojwi na mabati," akasema Gaspar, akarudi kwenye friji.

Jumatatu Talha alivaa shati jeupe. Vesti zake zote mama yake alikuwa kazifua, ziko kambani hazijakauka, kwa hiyo ndani akavaa kilichokuwepo. Hakujitazama kwenye kioo. Alipoketi mbele ya meza ya Bi Kokuberwa kule Kigamboni, jasho la njiani limelibandika shati kifuani, yule mama alimtazama, akasogeza miwani, akasoma kwa sauti neno la njano lililokuwa linaonekana wazi kupitia kitambaa. Halafu akafungua ripoti, akasoma ukurasa wa mwisho kwanza.

"Hapa unasema Kivuko."

"Ndiyo, mama."

"Na kifua kinasema kingine."

"Kifua ni cha zamani, mama."

Pembeni yake alikuwa Loveness, suti ya kijivu, nywele zimesukwa nyuma, ripoti yake imewekwa kwenye jalada la plastiki. Hakucheka, ila aliinamisha uso kuangalia viatu.

"Haya," akasema Bi Kokuberwa. "Sijui kompyuta. Nikisoma mie peke yangu mtanidanganya wote wawili na nitashukuru. Badilishaneni. Talha, soma ya Loveness. Loveness, soma ya Talha. Ukikubaliana nayo, saini chini. Ukikataa, andika kwa nini. Nawaletea chai."

Akatoka. Wakabaki wawili na mlio wa feni. Talha alielewa mara moja walichofanyiwa. Wamewekwa mpakani. Yule ambaye kigingi kikisogea ndiye anaumia, ndiye kapewa kalamu.

Ripoti ya Loveness ilikuwa safi kuliko ya kwake, hilo alilikiri kimoyomoyo. Sura ya mafundi hasa ilikuwa kazi ya mtu anayejua. Lakini hitimisho lilisema Bibi Harusi uko tayari kwa kazi hii. Talha akaandika pembeni: kifaa cha kuhifadhi alama hakijatoka, niliuliza kwenye kundi lao Jumamosi, wamesema msimu ujao. Hakusaini.

Loveness alisoma polepole, akirudia kurasa. Kwenye ile sehemu ya mashahidi akasimama.

"Hii ya soda ni nini?"

Talha akamweleza habari ya Chanika. Loveness akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mie nilipewa soda na mnunuzi," akasema. "Nikakataliwa vilevile." Akarudi kwenye karatasi. "Sawa. Soda za Mwendokasi umezihesabu vizuri. Za Kivuko umehesabu?"

Talha akaurudia ukurasa wake kwa macho. Alikuwa amempekua yule aliyempenda, kwa hasira ya kupenda, na huyu mpya akampokea kwa neno lake tu.

"Sijahesabu."

"Nilijua. Imeandikwa kama mtu aliyeachana na mtu juzi." Akatoa simu yake, akamwonyesha. Mashahidi wa Kivuko walikuwa wengi mno, wametawanyika nchi nyingi, wengine na mashine zao chini ya kitanda. Ila nao sehemu yao ya kutosha ilikuwa imepitia mikononi mwa kampuni chache. Haikufika hata karibu na Mwendokasi, lakini haukuwa weupe ule alioupaka Talha. Talha akachukua kalamu, akakata sentensi yake nzuri kuliko zote, akaandika ile ya Loveness juu yake.

"Na foleni?" akauliza Loveness. "Na gharama wakati wa msongamano? Kivuko kinabeba kumi na kitu kwa sekunde."

"Chanika mauziano mangapi kwa sekunde?"

Loveness akamtazama.

"Ulikaa muda gani ukingoja jirani?" akauliza Talha.

"Usinikumbushe. Alikwenda kwanza kununua mkaa."

"Basi. Mikataba ya siku nzima tunaikusanya, jioni tunatengeneza alama moja ya yote, tunaipeleka mara moja. Mfano upo ukurasa wa nyuma, unafanya kazi. Nauli moja, abiria wote. Mwendo si shida yetu, sista. Shida yetu ni kigingi kutembea usiku."

Loveness akafungua ukurasa wa nyuma. Akausoma wote, midomo ikicheza. Bi Kokuberwa akarudi na chai, akakaa. Loveness aliishika kalamu muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kusaini jina. Halafu akasaini.

Bi Kokuberwa akavuta karatasi zote mbili mbele yake. Moja ina saini, moja ina maneno pembeni. Akayasoma maneno.

"Ni kweli hii? Msimu ujao?"

"Ni kweli," akasema Loveness. "Nilitumaini kitakuwa kimetoka kabla hujagundua."

"Na ulijua ukisaini ya mwenzako unajiondoa."

"Nilijua, mama."

"Mbona umesaini?"

"Si iko sawa, sasa. Niandike nini tena?"

Bi Kokuberwa akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Kisha akamgeukia Talha.

"Kivuko unakijua tangu lini?"

"Jumamosi, mama."

"Hii Jumamosi?"

"Hii hii."

"Nakupa miezi mitatu ya majaribio. Usipokijua, nitajua. Na wewe Loveness, nafasi ni moja, sina ya pili. Lakini kila atakachojenga huyu, kabla sijakitumia, nitakuletea ukisome, na nitakulipa kwa kusoma. Humpendi, natumaini?"

"Simfahamu hata kidogo."

"Vizuri sana. Endeleeni hivyo hivyo."

Nje, kwenye ngazi, Talha alitaka kusema asante, ikagoma kutoka kwa namna inayofaa. Loveness akamwokoa.

"Kanunue mavesti," akasema, akashuka zake kuelekea kivukoni.

Jioni Tandika, Gaspar alipewa habari yote, akasikitika kwamba haina aliyefungwa wala aliyefunga. Akatangaza kijiweni kuwa Kivuko kimechukua kombe kwa goli lililopigwa na beki wa timu pinzani, akaiomba ile fulana nyeusi kwa ajili ya kufutia grisi. Talha akampa.

Bi Mwanakombo alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akamuuliza mara mbili kama kuna mshahara, akaridhika. Kisha akachukua simu, akampigia kaka yake Mbagala, akaweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

"Kaka Marijani, kijana haji tena dukani. Kapata kazi."

"Kazi gani?" Sauti ya mjomba ilikuwa ya mtu aliyekwishaandaa kiti.

Bi Mwanakombo akamtazama Talha, Talha akamtazama Bi Mwanakombo.

"Ya Chanika huko," akasema mama. "Watu wakiuza kiwanja, yeye anangoja mpaka jirani amalize kuoga, ndipo anaandika."

Upande wa Mbagala bati likasikika likiangushwa juu ya bati.

"Na huyo jirani," akauliza mjomba, "anaoga kila siku?"